Mafundo ya Kachi

Wiki iliyopita niliingia duka moja la nguo hapa Maskati, Khuwair ya Kusini, nnatafuta kitambaa cha kumtunza mjukuu wa marehemu Khalati Zuwena, bi harusi wetu. Muuzaji, kijana wa Kihindi mwenye Kiarabu cha kuungaunga, akainama chini ya meza akatoa kifurushi kidogo chekundu kilichokunyata kama zabibu kavu, kimejaa vinundu vya uzi toka mwanzo mpaka mwisho. Akashika ncha mbili, akanitazama kwa madaha, akavuta. Ta-ta-ta-ta-ta! Nyuzi zikaruka huku na huku, na kile kifurushi kikafunguka kikawa nguo pana ya kujifunika mtu mzima.

Na mie, mwanamke mzima, mwenye wajukuu, niliyestaafu wizarani kwa heshima zangu, nikajikuta nimeshika kifua na ulimi unasoma Kul audhu birabbil falaq. Kijana akacheka. "Mama, khof?" akaniuliza. Khofu, ndiyo. Wallahi miaka yote hii, sauti ile bado inanirudisha uwanjani kwetu Matrah, watu wazima wote wamenitumbulia macho.

Nyinyi wa rika langu mnajua tulivyofika huku. Mambo ya Unguja siyarudii, kila nyumba ina yake. Wako wengi ambao milango ya Maskati haikuwafungukia, wakaishia Dubai na Kuwait na Misri. Sie tuliingia kwa sababu binamu wa marehemu babu, mtu mwenye neno lake Matrah, alitusimamia na akatupa vyumba viwili na uwanja. Baba akenda Kuwait kutafuta kazi. Tukabaki wanawake watupu: Mama, Bibi aliyemzaa Mama, mdogo wake Mama ambaye ndiye Khalati Zuwena, na mie.

Sasa, kule Unguja tulikuwa tukiambiwa wachawi wakubwa wa dunia wako Oman. Tukilia usiku tukitishwa kwa wachawi wa Oman. Kufika Oman, ala, tukakuta wachawi ni sie! Kwao mtu aliyetoka Unguja au Pemba alikuwa anajulikana kwa vitu viwili, karafuu na uchawi, na karafuu walikuwa wanaona wazi kwamba hatukuja nazo. Mwanzo mwanzo Mama alimpelekea jirani mkate wa kumimina, umeiva vizuri, unanukia iliki. Sahani ilirudi kwa adabu zote, na ndani yake tende. Lakini siku ya pili nikamwona mbuzi wao kichochoroni anaula mkate wetu. Nilipokwenda kumwambia Mama, chumvi ilimponyoka kwenye mchuzi.

Toka hapo tukawa na sheria. Udi usiwashwe karibu na mlango wa nje. Nywele za kitana zisitupwe. Asichimbe mtu uwanjani, hata kupanda mrehani. Na kisimani, Kiswahili kisisemwe kwa sauti, maana jirani asiyekijua akisikia mtu ananong'ona kitu asichokielewa atafasiri mwenyewe. Lisemwalo lipo, Mama alisema, kama halipo laja, na hili letu likija hatuna pa kulikimbilia.

Aliyemshinda Mama kwa sheria zake alikuwa Bibi. Bibi alikuwa na ukucha. Mkono wa kushoto, kidole cha mwisho, ukucha mrefu umechongoka mbele, na zingine zote anakata. Mama alimsihi, "Mama, ukate huo, watu wanatazama." Bibi akasema, "Na watazame. Ukucha wangu haujamla mtu." Hakusema wa nini, na sie tulizaliwa tukaukuta, hatukuwahi kuuliza.

Bibi hakuwa wa Unguja kwa asili, wala si Muomani. Alizaliwa Kachi, kwenye jimbo la Gujarati, Bara Hindi, katika nyumba ya Waislamu watia rangi nguo. Aliletwa Unguja angali mtoto, kwa shangazi yake, akaolewa na babu yetu Mwarabu, na kila kitu chake kikawa cha Kiunguja, ulimi, buibui, mapishi. Ila Gujarati haikumtoka. Asubuhi tukikaa kuchagua mchele, aliusambaza kwenye sinia, akauchora kwa ukucha ule ule, na mie nikajua somo limeanza.

"Hii ndiyo Gujarati," alisema. "Unaona ilivyokaa? Mdomo umefunguka, unaelekea huku kwetu."

"Unataka kumng'ata nani, Bibi?"

"Nyinyi Waarabu," akacheka. "Haya, mdomo wa juu huu ndio Kachi, kwetu. Nyuma yake hapa pana bwawa la chumvi. Mvua ikinyesha ni maji, jua likiwaka ni nyeupe tupu mpaka macho yaume, halioti jani. Watu wanaishi humo wanakwangua chumvi, na punda wa mwitu wanapita mbio huwashiki. Mdomo wa chini huu ni Kathiawar. Msitu wake una simba."

"Uongo! Simba wako bara, Afrika."

"Na Gujarati wako. Nenda kawaulize." Ukucha ukatembea ukateremka. "Huku ardhi nyeusi, pamba. Hapa Ahmadabadi, viwanda vya kusokota nyuzi na kufuma, moshi kutwa. Hapa Khambati wanachonga akiki. Pete ya babu yako jiwe lake limetoka hapa. Hapa Surat, wafuma zari. Surat zamani ndiyo iliyokuwa bandari, Wazungu wanagombana kwa ajili yake, halafu mto ukajaa mchanga na Bombei ikanyanyuka. Mpaka majuzi Gujarati ilikuwa imetiwa pamoja na Bombei. Tulikuwa bado Unguja redio iliposema wameachana, kila mmoja jimbo lake."

"Waligombana?"

"Lugha mbili kwenye nyumba moja. Wameachana bila ya talaka." Akazikusanya punje. "Na sie Kachi zamani tulikuwa na mfalme wetu na sarafu yetu. Jahazi likitoka kwetu Mandvi linakuja Maskati kwanza, ndipo literemke Unguja. Majabali haya ya Matrah mie niliyaona nikiwa mdogo kuliko wewe, nimekaa juu ya magunia, nnatapika. Sasa nimerudi nusu ya njia."

Nikimuuliza mamake alikuwa nani, alikuwa akinambia mchele una mawe leo, niangalie vizuri. Na mie kichwani mwangu Gujarati ikawa nchi ya ajabu yenye mdomo wazi, chumvi isiyoota jani, simba wasiotakiwa kuwapo, na Bibi yangu amekaa katikati yake na ukucha.

Khalati Zuwena alikuwa na mchumba Unguja. Siku za mambo yale mchumba huyo alitoka nyumbani kwao na hakurudi, wala hakuna aliyejua amezikwa wapi. Khalati hakulia mbele ya watu. Aliacha kusema tu. Alikuja nasi kama mzigo uliobebwa, akakaa kwenye pembe ya chumba akishona kofia, tundu kwa tundu, kutwa. Umri ukimwendea. Mama alikuwa akimtazama, halafu anatazama mlango, na mtu hahitaji kuwa mkubwa kujua anawaza nini.

Kofia ndizo zilizomletea riziki yake. Mama mmoja wa mtaa wa pili, Ummu Seif, alinunua moja ya mwanawe. Mwanawe aliivaa msikitini, watu wakaiulizia, mamake akarudi kununua ya pili, akakaa, akanywa kahawa. Alikuwa mwanamke wa kwanza wa Matrah kunywa kahawa yetu. Akamtazama Khalati kwa muda mrefu, akamuuliza kwa Kiarabu cha polepole kama anaumwa na macho kwa kushona sana. Khalati akajibu. Alijibu, jamani! Na alipoondoka yule mama, Khalati akaimba kidogo, kwa puani, wakati anakosha vikombe. Mama akashika ukuta.

Haikupita muda Ummu Seif akamtaka Khalati awe mke wa mwanawe. Mwenyewe mwana alikuwa mtu wa makamo, amefiwa na mke, mpole. Ila Ummu Seif alikuwa na wifi yake, Bi Thuraya, na yeye hakutaka kusikia. "Watu wa Sahil," alisema, yaani watu wa pwani ya Afrika, ndivyo walivyotuita. "Mnajua walichokuja nacho?" Zikaletwa khabari mpaka kwetu kwamba Alkhamisi, baada ya alasiri, watakuja wote wawili kutia neno la posa. Na kwamba Bi Thuraya amesema akiona kitu, hata kidogo, neno halitiwi. Na sote tulijua likivunjika kwa sababu hiyo, hatakuja mtu mwengine. Nani atabisha mlango wa nyumba iliyokataliwa kwa uchawi?

Wiki ile ile, chuoni, tulifika Suratul Falaq. Maalima wetu alikuwa hapendi tusome kama kasuku, akitaka tujue maana. Akatoa uzi kwenye shela lake, akaufunga fundo, akaunyanyua mdomoni, akapuliza, puu. "Naffathati fil uqad," akasema. "Wanawake wanaofunga mafundo wakayapulizia. Wakikufungia wewe utaugua. Wakimfungia msichana haolewi." Akaufungua ule uzi mbele yetu. "Dawa yake ni sura hii na kuyafungua. Fundo likifunguka uchawi umekwisha." Nilirudi nyumbani nimekamatana na ukuta njia nzima.

Mnakumbuka Matrah ya zamani ilivyokuwa baada ya adhuhuri, wakati wa joto. Mji mzima unalala. Hata nzi wanatua. Mama na Khalati walilala chumba cha mbele, na Khalati alikuwa toka asubuhi ana homa, anatetemeka chini ya shuka kwenye joto lile. Mie nilikuwa na kiu. Nikapita chumba cha Bibi kwenda kwenye mtungi wa maji, na mlango ulikuwa wazi kidogo.

Bibi alikuwa amekaa chini mbele ya sanduku lake, lile tulilokatazwa kuligusa. Harufu ya kafuri ilikuwa imejaa. Mapajani mwake pana kitu chekundu cha kukunyata, na kile kitu, Mola wangu, kilikuwa mafundo matupu. Vifundo vidogo kama punje za mtama, kila kimoja kimezungushiwa uzi, hakuna pa kutia kidole. Alikuwa anayapapasa kwa ule ukucha, moja baada ya moja. Midomo inatembea. Halafu akakinyanyua mpaka usoni, akapuliza. Puu.

Maji sikuyanywa. Nilirudi nikajilaza karibu na Khalati, nikasikia meno yake yanagongana. Yote yakakaa pahala pake kwa mara moja. Ukucha. Sanduku. Nchi yenye mdomo. Homa. Kikulacho ki nguoni mwako, Mama alikuwa akipenda kusema, na mie sasa nimekiona, na kiko nguoni hasa. Ila kwa nini? Bibi anampenda Khalati. Nikajijibu mwenyewe kwamba hataki aolewe asije akabaki peke yake. Mtoto akitafuta sababu haikosi.

Kumwambia Mama nilishindwa. Nilimfuata jikoni mara nyingi, nafungua mdomo, nafunga. Nikisema, Bibi atafanywa nini? Nisiposema, Khalati je?  Bibi akinigusa kichwa nnaruka. "Mtoto huyu ana nini?" akauliza, na macho yake yakanikazia, nikadhani amejua kwamba nimejua. Sura ile niliisoma mpaka usingizini. Homa ya Khalati ikapungua Jumatano jioni, na mie nikaona ni kisomo changu, na kwamba tunavutana, mie na Bibi, kila mtu na upande wake.

Alkhamisi walikuja. Mama alifagia uwanja mpaka ukang'ara, akatandika zulia la kuazima, halwa, tende, kahawa. Khalati alikuwa amedhoofu kwa homa lakini macho yake yalikuwa yanawaka, amevaa kijani. Ummu Seif akaingia na salamu zake ndefu. Nyuma yake Bi Thuraya, mwembamba, amejikusanya buibui lake lisiguse kuta. Kikombe cha kahawa alikipokea, akakiweka chini, hakukinyanyua tena. Macho yake yalikuwa kazini. Yalitazama pembe za uwanja, yakatazama chetezo, yakatazama mkono wa Bibi yakatulia pale pale. Mama akajaza kahawa kikombe ambacho tayari kilikuwa kimejaa, ikamwagika.

Wakazungumza hali, jua, bei ya samaki. Neno lenyewe lilikuwa linakaribia, unalisikia linavyokaribia. Ndipo Bibi akanyanyuka, akenda ndani.

Mie nilijua anakwenda kuchukua nini. Sijui nilijuaje. Nikamkimbilia nikamziba mlango wa chumba chake kwa mikono yote miwili, na yeye tayari anatoka, kifurushi kiko kwenye sinia.

"Bibi, usikitoe."

"Nini?"

"Hicho. Watakiona."

Akanitazama kwa kituo. "Umekuwa ukinichungulia?"

Nikazidi kuukamata mlango. Akanishika kidevu, ule ukucha ukanigusa shavuni, wa baridi. "Pisha, mwanangu," akasema. "Leo ndiyo siku yake." Maneno gani yale ya kumwambia mtoto mwenye khofu kama yangu! Akanisogeza, akapita.

Akaliweka sinia katikati ya wanawake. Wakainama kukitazama. Lazima nieleze kwamba nguo za Kihindi Matrah walizijua, tena walizivaa na kuzipenda, lakini zilizowafikia zilikuwa zimekwisha kufunguliwa. Hii walikuwa hawajapata kuiona. Walichokiona ni mafundo, maelfu, yametoka kwenye sanduku la bibi kizee wa Unguja mwenye ukucha mmoja.

"A'udhu billahi!" Bi Thuraya alirudi nyuma mpaka kahawa ikapinduka. "Uqad! Sikukwambia, ewe Ummu Seif? Sikukwambia?"

Ummu Seif akaweka kikombe chake chini, taratibu. Uso wake ulikuwa umefungika. "Kitu gani hiki?" akauliza kwa Kiarabu, na hakumuuliza Bibi, alimuuliza Mama.

Na Mama, ambaye angeweza kueleza, Mama aliyesoma, ulimi ulimganda.  Bibi Kiarabu chake kilikuwa cha sala tu. Akasema kwa Kiswahili, kwa mikono, "Vuteni. Mmoja ashike huku, mmoja huku. Mtu wa kwetu na mtu wa kwenu. Ndiyo desturi ya kwetu."

"Asiguse mtu!" Bi Thuraya alikuwa keshasimama, anatafuta viatu. "Atakayegusa amefungwa yeye na kizazi chake." Ummu Seif akaanza kujinyanyua. Nikamwona Khalati.  Alikuwa anashuka tu, kama nilivyomwona akishuka Unguja, macho yanazimika, mikono imelala mapajani wazi, na nikajua akishuka mara hii hatanyanyuka tena.

Basi mie nikaruka. Sikutaka kumwokoa Bibi, naomba mnielewe. Nilitaka kuufungua uchawi wake mbele ya watu, kama Maalima alivyotuonesha. Nikashika ncha moja ya kile kitu, ilikuwa kavu na ina makwaruzo, na nilikuwa na yakini kwamba nikigusa nitakufa. Nikasoma kwa sauti yangu yote: "Kul audhu birabbil falaq!"

Bibi akashika ncha ya pili. Alinitazama machoni, na akaelewa. Nnakwambieni, nilimwona alipoelewa. Wala hakukasirika. Akaanza kusoma na mie, aya kwa aya, sauti yake chini ya yangu, na tulipofika naffathati fil uqad nikachanganyikiwa, maana mchawi anaisomaje hii? Akavuta. Nikavuta.

Ta-ta-ta-ta-ta-ta!

Nyuzi ziliruka zikawaangukia wote, vichwani, kwenye halwa, kwenye kahawa iliyomwagika. Kifurushi kikazidi kupanuka, mpaka nikarudi nyuma nikagonga ukuta na bado kinafunguka. Nyekundu ambayo sijapata kuiona, na ndani yake vidoa vya manjano na vyeupe, kila palipokuwa na fundo pana kidoa, vimepangika vimekuwa maua, na ndovu, na wanawake wanaocheza wameshikana mikono.

Ummu Seif alitia mkono mdomoni. "Hii," akasema, "hii wallahi mama yangu alikuwa nayo! Aliinunua hapa hapa sokoni, alinifunika nayo siku ya harusi yangu." Akaipokea mikononi mwangu, akaipapasa, akaivuta usoni akainusa ile kafuri, akaenda nayo mpaka alipo Khalati akamfunika kichwa. "Bint yangu," akasema. Neno likawa limetiwa. Mama akapiga kigelegele, sauti imemkatika katikati kwa kilio. Bi Thuraya alisimama na kiatu kimoja mguuni, akatazama huku na huku, akakivua. Baadaye nilimwona anaomba kahawa.

Na Bibi? Bibi alikuwa amechutama chini, anaziokota nyuzi. Moja moja, anazitia kwenye upindo wa kanga yake. Machozi yanamtiririka mpaka kidevuni. Na mie nikamtazama nikasema moyoni, nimemshinda. Nilifurahi, jamani. Nilifurahi kuliko siku ya Idi.

Khalati aliolewa, akahamia mtaa wa pili. Siku moja baada ya harusi, wakati tunachagua mchele, Bibi akanipa mkasi. "Nikate huu," akasema, akaninyooshea kidole chenye ukucha. "Kazi yake imekwisha."

Nikauliza kazi gani.

"Kachi msichana wa nyumba ya watia rangi anafuga ukucha huu. Unainyanyua nguo kwa ncha yake, kidogo tu, unazungusha uzi. Fundo. Unanyanyua tena. Nguo moja miezi. Ikishafungwa inatiwa rangi, na palipofungwa rangi haiingii. Ile aliifunga mama yangu, kwa ajili yangu, walipokwisha kukata shauri nipelekwe Unguja. Akanambia isivutwe mpaka wakati wa kuolewa kwangu, ncha moja atashika yeye. Niliolewa, hakuja. Nikasema basi, nitamngoja. Akaja kuolewa mamako, nikashindwa. Mamangu keshakufa zamani huko, mie nnajua, lakini yale mafundo ni vidole vyake. Nikivuta hayapo tena." Akanyoosha kidole upande wa bahari. "Halafu tukaja hapa. Kachi iko hapo ng'ambo tu, pande hizo. Na Zuwena nilimwona anaimba. Nikasema haya, mama, na wewe njoo nusu ya njia. Nikamsomea mamangu Fatiha, nikaipulizia nguo yake."

Mkasi ulikuwa mkononi mwangu na sikuweza kuutumia. "Mie nilidhani wewe mchawi," nikamwambia.

Alicheka mpaka akakohoa, mpaka mchele ukamwagika, Gujarati yote chini. Halafu akaacha. "Ulidhani mie mchawi," akasema, "na ukashika ncha?"

"Nilitaka Khalati aolewe."

 Akauchukua mkono wangu ule ulioshika ncha, akauweka shavuni pake, akakaa nao hapo mpaka Mama akaita kuuliza mchele uko wapi.

Bibi amezikwa Maskati, nusu ya njia. Tulipomkosha tulizikuta zile nyuzi, zimefungwa kwenye upindo wa kanga yake kuukuu. Khalati Zuwena naye tumemzika mwaka huu, kabla ya Ramadhani. Alikuwa amekwishapanga kwamba harusi ya mjukuu wake atashika ncha yeye. Kwa hivyo pale dukani nilimwambia yule kijana ile aliyoivuta aiweke, anipe nyengine ambayo haijafunguliwa. Akaniuliza nitajuaje kuwa ni nzuri bila ya kuiona, maana siku hizi nyingi zinapigwa chapa tu. Nikamwambia nitajua.

Harusi ni Alkhamisi, kule Hail. Leo baada ya adhuhuri nyumba imelala, nikaitoa. Nikakaa chini nikaipapasa, nikamsomea Khalati, nikamsomea Bibi, na mamake Bibi ambaye simjui hata jina. Nikainyanyua nikapuliza. Niliponyanyua kichwa nikamwona mjukuu wangu mdogo amesimama mlangoni, gilasi ya maji mkononi, macho yamemtoka. Asubuhi alikuwa chuoni, na najua wamefika sura gani.

"Njoo," nikamwambia. "Njoo ukae hapa, mwanangu, nikueleze kabla hujafika mbali."